Chamba cha Jicho na Konea ya Marehemu

Katika mazungumzo ya kila siku, weupe wowote unaoonekana ndani ya jicho huitwa mtoto wa jicho, ilhali Kiswahili kina neno jingine la zamani, chamba, linalotaja jambo tofauti kabisa. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, ambayo hukaa nyuma ya mboni. Chamba ni kovu la konea, yaani kile kioo cha mbele kisicho na rangi kinachofunika sehemu nyeusi ya jicho. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa hospitalini. Lenzi iliyoharibika hutolewa na mahali pake huwekwa lenzi ya plastiki, ambayo viwanda huweza kuitengeneza kwa idadi yoyote inayotakiwa, lakini konea iliyoharibika, kwa wagonjwa walio wengi, haina badala yake ila konea ya binadamu mwingine, na binadamu huyo hana budi awe amefariki muda mfupi uliopita.

Wilayani Magu, kando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, kwenye barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, chamba huanzia mara nyingi katika kazi za kawaida. Mpunga unapopurwa na kupepetwa, kapi moja hurukia jichoni na kukwaruza konea. Mwanamke aliyeketi akiponda kokoto hupigwa na kibanzi cha jiwe. Mkwaruzo wenyewe ungepona kwa siku chache, isipokuwa kapi hubeba vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye mimea, navyo hupata mlango wa kuingilia, hata jicho likavimba, likatoa tongo na kufanya kidonda cheupe. Wengi huanza kwa kukamulia majani jichoni. Huko Mbarara, magharibi mwa Uganda, ambako maisha ya mkulima hayatofautiani sana na ya Magu, Simon Arunga na wenzake waliwachunguza wagonjwa 313 wa vidonda vya konea, wakakuta kwamba takriban 6 kati ya kila 10 walikuwa wametumia dawa za kienyeji, na kwamba nusu ya wagonjwa wote walifika hospitalini baada ya siku 17 au zaidi. Kwa watoto, sababu kubwa ya zamani nchini Tanzania ilikuwa surua ikiandamana na upungufu wa vitamini A, kama Allen Foster na Alfred Sommer walivyoonyesha mwaka 1987. Chanjo imepunguza balaa hilo, ingawa watu wazima wenye makovu ya enzi hizo wangali hai.

Upasuaji wa kuondoa konea yenye kovu na kushona nyingine mahali pake si mpya. Eduard Zirm aliufanikisha kwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, akitumia konea ya mvulana ambaye jicho lake lilikuwa limelazimika kutolewa. Kutumia konea za marehemu kulienezwa baadaye na Vladimir Filatov huko Odessa, na tangu hapo swali lililowashughulisha wataalamu ni hili: konea ya maiti ipi inafaa, na kwa muda gani?

Jibu limo katika safu moja ya seli. Konea ina unene wa takriban nusu milimita, na upande wake wa ndani, unaogusa maji ya jicho, umetandikwa seli zenye pembe 6 zilizopangana kama vyumba vya sega la nyuki. Kazi ya seli hizo inafanana na ya mvuvi aliyemo katika mtumbwi unaovuja: maji hupenya ndani ya konea wakati wote, nazo huyatoa wakati wote, na zikilegea konea hulowa, huvimba na kuwa nyeupe kama kioo cha dirisha kilichopigwa na mvuke. Katika eneo la milimita mraba moja, ambalo punje ya ulezi hulifunika, mtu mzima huwa na seli zipatazo 2,500, na zikishuka hadi karibu na 500 uangavu hauwezi tena kudumu. Kwa binadamu seli hizo hazizaliani. Kilichopotea kimepotea, iwe kwa umri, kwa jeraha, kwa upasuaji wa mtoto wa jicho au kwa saa zinazopita baada ya kifo.

Ndiyo maana benki za macho, yaani taasisi zinazokusanya na kuhifadhi konea, huzihesabu seli kwa darubini maalumu, na nyingi hukataa konea yenye seli pungufu ya 2,000 kwa milimita mraba. Damu ya marehemu hupimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Aliyekufa kwa ugonjwa wa mfumo wa fahamu usiojulikana hakubaliwi, kwa sababu miaka ya 1970 kichaa cha mbwa kilipata kuambukizwa kwa njia hii hii. Rangi ya macho haijalishi, kundi la damu kwa kawaida halilinganishwi, na aliyevaa miwani maisha yake yote huweza kutoa konea nzuri sana.

Baada ya hapo saa huanza kuhesabu. Zamani jicho zima liliwekwa katika chupa yenye unyevu na kutumika ndani ya siku moja au mbili. Siku hizi konea huelea katika kimiminika chenye virutubisho, kwa baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na huweza kukaa hadi siku 14. Kwa Afrika Mashariki, ambako konea nyingi zimekuwa zikitoka ng'ambo, siku hizo ndizo zinazoliwa na ndege, forodha na safari ya kumwita mgonjwa kutoka kijijini. Sri Lanka, kwa mfano, ina chama cha uchangiaji wa macho kilichoanzishwa na daktari Hudson Silva mwaka 1961, ambacho kimepeleka konea katika nchi nyingi. Ethiopia, kwa upande wake, ilifungua benki yake ya macho mwaka 2003. Je, siku hizo za kungoja hudhuru? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, kuhusu upasuaji unaobadilisha safu ya ndani pekee, ulionyesha kwamba baada ya miaka 3 konea zilizohifadhiwa siku 7 au chini ya hapo zilifaulu kwa asilimia 95.3, na zilizohifadhiwa siku 8 hadi 14 kwa asilimia 92.1. Pengo lipo, lakini ni dogo kuliko wengi walivyodhani.

Umri nao uliogopwa kupita kiasi. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 1,090, ulilinganisha konea za marehemu wa miaka 12 hadi 65 na za wale wa miaka 66 hadi 75, na baada ya miaka 5 makundi yote mawili yalikuwa na mafanikio ya asilimia 86. Hata hivyo, konea hizo zilizong'aa zilikuwa zimepoteza karibu asilimia 70 ya seli zake au zaidi: mgonjwa aliona vizuri, huku akiba ikiliwa.

Takwimu hizo hazifai kubebwa zilivyo hadi kando ya Ziwa Viktoria. Wagonjwa wa Marekani walikuwa na macho matulivu, ambayo kasoro yake ilikuwa katika safu ile ya ndani. Konea yenye afya haina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo askari wa kinga ya mwili hawaitambui kwa urahisi konea ngeni. Lakini jicho lililougua kidonda kwa wiki kadhaa huota mishipa inayotambaa hadi kwenye kovu, nayo huwa njia ya askari hao. Jicho lenye vikope, yaani trakoma, huwa na kope zinazokwaruza na machozi yasiyotosha. Katika udongo wa namna hiyo mbegu bora kabisa, yenye seli 3,000, huweza kunyauka mwaka wa kwanza. Wagonjwa waliopandikizwa konea katika hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996, walionyesha jambo hilo waziwazi: waliokuwa na konea iliyochongoka mbele kama pia, ugonjwa wa vijana ambao kwa kawaida hauleti mishipa, walifaulu zaidi ya wengine. Daktari anayemkatalia mwenye chamba chenye mishipa mingi, hasa akiwa na jicho la pili linaloona, si lazima awe anamnyima haki.

Anayekubaliwa huondoka hospitalini na nyuzi nyembamba kuliko unywele, mara nyingi 16, ambazo hukaa jichoni mwaka mzima au zaidi, pamoja na dawa ya matone ya kutuliza kinga ya mwili ambayo haikatizwi kwa kuwa jicho limeacha kuuma. Uzi mmoja ukilegea hukusanya ute na vijidudu, na mgonjwa huuhisi kama mchanga usiotoka. Jicho likiwa jekundu, likiogopa mwanga au likiona ukungu, hizo huweza kuwa dalili za mwili kuikataa konea, na matone makali yakianza mapema hali hiyo mara nyingi hurudi nyuma. Kwa mkazi wa Magu, mapema maana yake ni kupanda basi la Mwanza siku hiyo hiyo, hata kama mpunga umeanikwa uani na mawingu yanatanda.