Ukiitwa Tena Baada ya Picha ya Titi



Mara nyingi kurasa hizi hueleza habari za mikarafuu, majamvi na bei. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo liwahusulo wanachama wanawake, na wake, mama na binti za wanachama wote: afanye nini mwanamke aliyepigwa picha ya titi, kisha akaambiwa arudi kwa kuwa pana kitu kimeonekana? Nchini Tanzania saratani ya titi ni ya pili kwa wingi kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Si jambo la mbali.

Mfano wetu twautoa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Wenzetu wa huko huishi kwa kahawa na migomba kama tuishivyo sisi kwa karafuu; na wakitaka hospitali kubwa, wengi wao huvuka maji kama sisi. Muleba ina hata visiwa vyake, kama Bumbire. Shida ya nauli, ya kulala ugenini na ya kazi inayolala shambani twaijua sote.

SAFARI YENYEWE

Safari huanza karibu na nyumbani. Muleba ziko hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba mjini iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Daktari hupapasa matiti na makwapa, huuliza habari za ukoo, na ikibidi huandika barua ya rufaa. Mashine ya picha ya titi, iitwayo mamografia, haiko katika kila hospitali, na maabara ya kupima nyama ya mwili ni chache zaidi. Kwa hiyo wengi hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali kubwa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Wako waendao kwa meli usiku kucha, na wako waendao kwa basi kupitia Geita. Tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea wasafiri kungoja kivuko.

KUITWA SI HUKUMU

Twataka hili lishike moyoni: kuitwa tena si kuambiwa una saratani. Picha ni kivuli. Kivuli chaweza kuwa cha mfuko wa maji, cha donge lisilo na madhara, cha kovu la zamani, au cha nyama ya titi iliyojikunja wakati wa kubanwa na mashine. Wengi katika waitwao huonekana hawana saratani. Lakini wachache wanayo, na hapana njia ya kuwajua ila kwa vipimo vinavyofuata.

Madaktari wengi hutia majibu ya picha katika hesabu ya 0 mpaka 6. Sifuri maana yake picha haikutosha, zatakiwa nyingine. Moja na mbili ni salama. Tatu ni karibu salama: uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida mtu huambiwa arudi baada ya miezi 6. Nne ni shaka, ndogo au kubwa, na tano ni shaka kubwa sana, asilimia 95 au zaidi; hizi mbili hutaka nyama ipimwe. Sita ni saratani iliyokwisha thibitishwa. Basi usitoke chumbani kabla ya kuuliza: "Daktari, yangu ni namba ngapi?"

VIPIMO VINAVYOFUATA

Kwanza, picha nyingine za pale penye shaka. Pili, ultrasaundi, ambayo haina mionzi na hupambanua mfuko wa maji na donge gumu. Huwafaa hasa wanawake vijana, ambao nyama ya matiti yao ni nzito na huziba picha. Tatu, ikiwa shaka yabaki, hutiwa ganzi na kuchukuliwa kipande chembamba cha nyama kwa sindano, kikapimwa maabara. Hapo ndipo jibu la kweli hupatikana. Ikiwa ni saratani, kipande hicho hicho hupimwa zaidi ili ijulikane ni dawa gani itafaa.

Wako wasemao sindano huiamsha saratani ikasambaa. Sindano hii imetumiwa duniani kwa miaka mingi, na haikuonekana kuwa ndiyo iletayo kusambaa. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kungoja.

MAMBO YA KUSHIKA

Chukua picha za zamani na barua zote, uzitie katika mfuko mmoja usiolowa. Siku ya picha usipake poda wala manukato kwapani, maana huweza kuonekana kama vidoa. Ukitolewa donge kwa kisu, hakikisha limepelekwa maabara, lisitupwe. Uliza majibu yatatoka siku gani na nani atakupa, uache namba ya simu iliyo hai. Na ikiwa sindano yasema salama lakini picha yasema shaka kubwa, uliza kama majibu hayo mawili yapatana. Pengine kipimo hurudiwa. Mwenye bima aulize kabla ya safari nini hulipwa. Asiye na uwezo aulize ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.

KWA MABWANA

Mabwana, neno hili ni letu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mwanamke mwenye dalili afike hospitali, vipimo vyote viishe ndani ya siku 60. Siku 60 hupita upesi. Kule Muleba mama aweza kusema, "Kahawa ianuliwe kwanza." Huku kwetu atasema, "Karafuu zichambuliwe kwanza." Na karatasi ya daktari hukaa imefungwa katika pindo la kanga mpaka msimu uishe, naye hasemi, kwa kuwa anajua fedha za nauli ziko mikononi mwetu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tusimlaumu mfichaji ikiwa sisi ndio tuliomfanya aogope kusema.

Basi tumwulize bila ya kungoja aseme. Nauli itoke kabla ya bei ya msimu kutangazwa, na mtu wa nyumbani aende naye, maana maneno ya daktari husikika vizuri zaidi kwa masikio mawili zaidi. Na wenye matawi wakichangiana kumsafirisha mke au mama wa mwenzao, watakuwa wamefanya kazi ya ushirika hasa.

Karafuu zikinyeshewa juu ya jamvi hasara yake twaijua, na kila mmoja hukimbia kuzianua. Karatasi ile nayo yataka mbio hizo hizo.