Skonzi ya msalaba na mgonjwa wa kisukari

Majuma machache kabla ya Pasaka, maduka ya mikate mijini huanza kuuza skonzi za kahawia zenye msalaba mweupe juu. Pengine wewe, msomaji, umewahi kujiuliza zilitoka wapi na kama zina faida yoyote mwilini.

Asili yake ni Uingereza, ambako huliwa Ijumaa Kuu. Mnamo 1592, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, waokaji wa London walikatazwa kuuza skonzi za viungo isipokuwa siku hiyo, Krismasi na penye mazishi. Wako walioamini kwamba iliyookwa Ijumaa Kuu haishiki ukungu, wakaihifadhi mwaka mzima na kuikwaruzia katika maji ya mgonjwa wa kuhara. Mimi siwezi kukuandikia dawa hiyo!

Msalaba wenyewe ni unga na maji tu. Ndani mna unga wa ngano, hamira, maziwa, siagi, sukari, mdalasini na zabibu kavu. Skonzi ya gramu 70 hivi huwa na kalori zipatazo 200 na sukari ya vijiko vitatu au vinne vya chai, ukihesabu na ile ya zabibu. Kwa kuwa haikaangwi, kwa kawaida mafuta yake ni machache kuliko ya andazi. Mtoto mwenye afya akila moja kwa maziwa, hapana neno.

Taabu ni kwa mwenye kisukari. Mwaka mmoja nililetewa mama aliyekuwa akitetemeka, akitoka jasho na kusema ovyo. Alikuwa amefunga Ijumaa Kuu lakini akameza tembe zake kama kawaida, na sukari ikashuka mno. Jamaa zake walimnyima kitu chochote kitamu wakidhani watamdhuru.

Hali kama hiyo ikitokea, na mgonjwa anaweza kumeza, mpe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji. Usianze na skonzi, kwani wanga na siagi huchelewa tumboni. Ngoja dakika 15. Akipata nafuu, hapo ndipo ale. Aliyezirai asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitalini.

Ukiwa na kisukari na wanuia kufunga, mwone daktari majuma kadhaa kabla akupangie dawa, usizipunguze mwenyewe. Jioni ukifungua, nusu skonzi yatosha, pamoja na chai isiyo na sukari.