Mbio ndefu: miguu inachoka, lakini kichwa ndicho kinasema "simama"

Vijana wanaojizoeza mbio ndefu wanahesabu kilometa, wanauliza viatu, wanauliza chakula. Habari ya kichwa wanaiacha mpaka siku ya mashindano. Siku hiyo ndipo kichwa kinawaambia: "Basi, simama." Na kumbe miguu ingali na nguvu kidogo.

Wataalamu wamechunguza jambo hilo. Mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake walipandisha watu 16 kwenye baiskeli ya mazoezi, kila mmoja akanyage mpaka ashindwe. Walifanya hivyo siku mbili tofauti. Siku moja, kabla ya kupanda, walipewa kazi ngumu ya kufikiri mbele ya kompyuta, dakika 90. Siku ingine walitazama tu filamu. Kisha ile kazi ya kichwa, walishindwa kwa wastani kwenye sekunde 640. Kisha filamu, walifika sekunde 754. Moyo na mapafu vilifanya kazi vilevile siku zote mbili. Tofauti ni kwamba mwendo uleule waliusikia muzito zaidi.

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Mutu aliyekesha akisikiliza risasi, ao anayewaza ndugu waliokimbia kijiji, anafika kwenye mazoezi akiwa amekwisha kutumia kichwa. Akiacha mzunguko katikati, wenzake wanasema: "Huyu ni muvivu." Pengine si uvivu hata kidogo. Siku kama hiyo kocha mwenye akili anapunguza kilometa, hapigi kelele.

Lakini kichwa nacho kinazoezwa. Mwaka 2014, katika jaribio lingine ambamo Marcora alishiriki, watu walifundishwa kujichagulia maneno mafupi ya kujitia nguvu, wakayatumia mazoezini wiki mbili. Walipopimwa tena, walivumilia muda mrefu zaidi kwa karibu asilimia 18. Wenzao wasiofundishwa hawakusonga mbele. Maneno yawe ya lugha ya nyumbani: "Bado niko," ao "Polepole, inaenda." Yachaguliwe mapema, sababu kwenye kilometa ya 30 mutu hana tena nguvu ya kutunga sentensi.

Marathoni ina kilometa 42 na mita 195, na anayeiwaza yote kwa mara moja anachoka mbele ya kuanza. Afike kwanza kwenye mti ule, kisha kwenye daraja.

Tena kukimbia kwa kikundi kunasaidia. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alimaliza umbali huo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza. Walimkatia upepo, na pia walimwondolea kazi ya kuwaza mwendo. (Wakati huo hauhesabiwi kama rekodi rasmi, juu ya msaada huo.)

Ila uchovu ni kitu kimoja, maumivu ni kingine. Kwenye Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, Kipchoge huyohuyo aliumwa mgongo, akaacha mbio kisha kilometa 30. Uchovu unaenea mwili mzima, na unapungua mutu akipunguza mwendo. Maumivu yanakaa mahali pamoja, kwenye goti ao kisigino, na yanaongezeka kila hatua. Hapo maneno ya kujitia nguvu hayafai. Mutu asimame, arudi nyumbani kwa miguu.