Kunyanyua vyuma hakudumazi vijana, hatari ni kukosa mkufunzi

KATIKA mitaa mingi ya Kitengela si ajabu kuwaona vijana wamekusanyika uani nyakati za jioni wakinyanyua vyuma walivyojiundia wenyewe: bomba la chuma lililochomekwa ncha zake katika mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji.

Vifaa hivyo ni vya gharama ndogo. Hata hivyo, uzito wake halisi haujulikani, mkebe mmoja aghalabu huwa mzito kuliko mwenziwe, na ni nadra kuwepo mtu mwenye ujuzi wa kuwaelekeza wanaovitumia.

Kwa upande mwingine, wapo wazazi wanaowakataza watoto wao kabisa wasiguse vyuma, kwa imani kwamba watadumaa na kubaki wafupi. Baina ya vijana wanaojifunza kwa kubahatisha na wazazi wanaoogopa, manufaa ya mazoezi haya hupotea.

Hofu hiyo ya wazazi haikuzuka bure. Mifupa ya mtoto hurefuka kupitia sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo zikijeruhiwa vibaya, ukuaji wa mfupa huweza kuathirika.

Lakini uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa kwa miongo kadhaa haujaonyesha kwamba mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vyema humpunguzia mtoto kimo. Chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kilieleza kuwa mazoezi hayo ni salama kwa watoto na vijana iwapo yatafuata utaratibu ufaao na kuwa na usimamizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo, katika mwongozo wa mwaka huo huo, lilipendekeza watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki yawemo yale ya kuimarisha misuli na mifupa.

Majeraha mengi ya watoto wadogo yanayotokana na vyuma huwa ya vidole, mikono na miguu, pale uzito unapoponyoka au kubana kiungo. Hizo ni ajali ambazo macho ya mtu mzima aliye karibu yangezuia.

Kazi ya mkufunzi

Mkufunzi mwema hamwanzishi mgeni kwa uzito mkubwa. Humfundisha kwanza kuchuchumaa, kuinama na kusukuma kwa uzito wa mwili wake, kisha kwa ufito wa mbao, na baadaye kwa chuma chepesi.

Kijana hutakiwa kurudia zoezi mara 8 hadi 15 bila mgongo kupinda wala magoti kuyumba. Akiweza hilo kwa urahisi, uzito huongezwa kidogo, takriban asilimia 10 au pungufu. Akishindwa kudumisha umbo sahihi, uzito hupunguzwa pasipo mjadala.

Aidha, huhitaji siku ya kupumzika kabla ya kurudia mazoezi ya misuli ile ile, kwa kuwa misuli huimarika wakati wa mapumziko. Siku mbili au tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza.

Ifahamike pia kwamba mazoezi ya nguvu na mchezo wa kunyanyua uzani si kitu kimoja. Katika mchezo huo wa Olimpiki kuna mitindo miwili: kuinua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na kukiinua hadi mabegani kabla ya kukisukuma juu. Wanawake walianza kuushiriki katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000.

Mitindo hiyo huhitaji kasi, wepesi wa viungo na muda mrefu wa kujifunza. Kuijaribu kwa kutazama video tu, tena kwa mikebe ya saruji, ni kujitafutia balaa.

Kajiado na nguvu

Nguvu si jambo geni Kajiado. Tangu mwaka 2012, vijana wa Kimaasai wamekuwa wakikutana Kimana, karibu na mbuga ya Amboseli, katika mashindano yajulikanayo kama Olimpiki za Wamaasai, yaliyobuniwa ili wapate njia nyingine ya kuonyesha ushujaa badala ya kuwinda simba. Pamoja na mbio, hushindana kurusha rungu na mkuki, na kuruka juu kwa kimo.

Kuruka na kurusha hutegemea nguvu itokayo kwa ghafla miguuni na kiunoni, ambayo ndiyo hasa mazoezi ya vyuma hukuza. Julius Yego, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015 kwa mita 92.72, ni ushahidi kwamba Mkenya anaweza kung'aa nje ya mbio ndefu.

Naye Hellen Wawira alishinda nishani ya shaba ya unyanyuaji uzani kwa walemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Birmingham mwaka 2022. Katika mchezo huo, mshindani hulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani.

Watu wazima je?

Wengi hudhani kwamba vyuma ni vya vijana wanaotaka kutunisha vifua. Ukweli ni kwamba mtu huanza kupoteza misuli polepole baada ya umri wa miaka 30, na hasara hiyo huongezeka kasi uzeeni. Asipofanya mazoezi, kupanda ngazi au kuinuka kitini huja kuwa kazi ngumu.

WHO hupendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mazoezi hayo husaidia kudhibiti sukari mwilini, kwa sababu misuli huitumia sukari hiyo, na huimarisha mifupa, jambo muhimu hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Hata wakongwe hawakuachwa nyuma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 uliwahusisha wazee dhaifu wenye umri wa takriban miaka 90. Baada ya majuma manane ya mazoezi ya uzito, nguvu za misuli ya mapaja yao zilikuwa zimezidi maradufu.

Kwa mkazi wa Kajiado, ujuzi huu una matumizi ya kila siku. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20 na ushei, sawa na chuma kitupu cha wanaume katika mashindano. Mfuko wa saruji, ambao vibarua wa ujenzi huubeba mchana kutwa, ni kilo 50. Anayejua kuinua kwa miguu, mzigo ukiwa karibu na mwili na mgongo umenyooka, huuhifadhi mgongo wake.

Wenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au maumivu ya mgongo wanashauriwa kumwona daktari kabla ya kuanza. Wote wahimizwe kupumua wakati wa kuinua. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla.

Tahadhari nyingine ni kuhusu dawa na unga wa kukuza misuli. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena hutoa protini ya kutosha kwa kijana wa kawaida. Baadhi ya bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya matokeo ya haraka huweza kuwa na kemikali zilizopigwa marufuku, na mwanamichezo hubeba lawama ya chochote kinachopatikana mwilini mwake, hata kama hakukusudia.

Mzazi anayetafuta jimu na aulize maswali machache: Je, mkufunzi amesomea kazi hiyo? Anawasimamia vijana wangapi kwa wakati mmoja? Kuna vyuma vyepesi kwa wanaoanza? Na je, mzazi anaruhusiwa kuketi na kutazama?

Akijibiwa kwa kukwepakwepa, heri atafute kwingine. Mkufunzi anayemharakisha mtoto kubeba uzito mkubwa katika juma la kwanza hafai, kwani mwili, kama kibaba, hujazwa haba na haba.