Mziki wa garini: uliza fyuzi kabla ya besi

Hizi Vitz tunazoziteremsha bandarini Mombasa kutoka Japani huja na redio za masafa ya kwao, nyingi 76 hadi 90. Stesheni zetu zapanda mpaka 108, ndiyo maana wazungusha wee husikii kitu. Kubadilisha redio hapo si anasa.

Balaa huanza baada ya redio, vijana wetu wanapokimbilia besi. Mimi ningeanza na spika mbili za milango ya mbele, na matundu ya bati nyuma yake yazibwe sauti isivuje. Redio yenyewe yatosha kuzisukuma, na taarabu utaisikia mpaka kidole kikigusa uzi wa udi. Besi kubwa humeza yote hayo.

Ukiitaka lazima, itahitaji amplifaya. Gawanya wati kwa volti 12 upate ampea: wati 400 ni ampea 33 na zaidi, maana umeme mwengine hupotea kwa joto. Waya mwembamba wa redio hauwezi mzigo huo. Vuta waya mnene wa shaba kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, isipite nusu mita. Mafundi wengine huiweka nyuma kwenye buti. Huko hailindi waya uliopita njiani: ukichunika kwenye bati la injini, moto utawakia chini ya zulia, na watoto wamekaa juu yake.

Kabla hujalipa, fungua boneti, fundi akuoneshe hiyo fyuzi.