Kuchelewa si kwenda polepole

Kitenzi 'chelewa' kina lawama ndani yake. Mtu akichelewa, twadhani alizembea njiani. Ndiyo sababu sentensi 'redio huchelewa nyuma ya gama', wanayoitumia wanafizikia wa anga kuhusu blaza, huwapotosha wengi: eti mawimbi ya redio ni mazito, yameachwa na miale ya gama. La hasha! Yote mawili ni nuru, na katika ombwe huenda kwa kasi ile ile, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde.

Blaza ni kiini cha galaksi chenye shimo jeusi kubwa ajabu. Kando ya shimo hilo hufyatuka mchirizi wa chembe zinazokaribia kasi ya nuru, nao mchirizi umetuelekea sisi. (Ungeelekea kwingine, tusingeuita blaza.) Ukitokea msukosuko, fundo la chembe huwaka na kusonga mbele.

Sasa, karibu na shimo fundo limesongamana. Gama hupenya na kushika safari. Redio haipenyi: elektroni zizo hizo zinazoitoa ndizo zinazoifyonza. Ni kama taa ndani ya moshi mzito. Lazima fundo lisonge, litanuke, moshi upungue, ndipo redio itoke. Na ile ya masafa ya juu hutangulia ile ya masafa ya chini.

Watafiti walilinganisha data za darubini ya redio ya Owens Valley, California, yenye upana wa mita 40, na za Fermi, darubini ya gama iliyorushwa angani mwaka 2008. Katika blaza AO 0235+164 redio ilifuata baada ya takriban siku 150. Lakini tusishangilie mapema. Kati ya blaza 41 walizochambua kwa kina, katika matokeo ya mwaka 2014, ni 3 tu zilizoonyesha uhusiano wa kutiliwa maanani.

Na siku hizo 150 si umbali wa siku 150 za nuru. Fundo huja likiifukuza nuru yake lenyewe, karibu kuifikia, hivyo kwetu pengo huonekana fupi ilhali fundo limekwisha kusafiri miaka-nuru mingi.

Mimi ningeandika kwamba redio 'huchelewa kutoka'. Neno moja tu limeongezwa, na lawama imehamia kwenye moshi.