Kumsubiri Taa Manta katika Mikondo ya Komodo

Wageni wengi wanaofika Labuan Bajo, mji wa bandari magharibi mwa kisiwa cha Flores nchini Indonesia, huvutwa na sifa za mijusi wakubwa wa Komodo. Hata hivyo, kila asubuhi boti kadhaa hung'oa nanga zikiwa zimepakia mitungi ya hewa, mapezi ya mpira na miwani ya kuzamia. Abiria wake hawana haraka na mijusi. Wanamfuata taa manta.

Mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki akisikia habari za taa, huenda akamkumbuka nyenga na mwiba wake wenye sumu. Manta hana mwiba wa kumchoma mtu. Ni jamaa ya papa, kiunzi chake ni cha gegedu, si cha mfupa, na chakula chake ni viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo huvichuja kwa matamvua yake. Zipo aina mbili zinazojulikana zaidi: manta wa miambani, ambaye upana wake kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine kwa kawaida ni meta 3 hadi 4, na manta wa bahari kuu anayeweza kufikia meta 7. Hadi mwaka 2009 wanasayansi waliwahesabu hao wawili kuwa aina moja. Waliotenganisha hesabu hiyo ni Andrea Marshall na wenzake, baada ya yeye kuwachunguza kwa miaka mingi katika pwani ya Msumbiji.

Komodo ni makao ya hao wa miambani. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya kuwalinda mijusi, na mwaka 1991 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini sehemu kubwa ya eneo lake ni bahari. Visiwa vyake vimesimama kati ya Flores na Sumbawa, mahali ambapo maji ya Bahari ya Pasifiki hupenya kuelekea Bahari ya Hindi. Maji mengi yanapobanwa kwenye milango myembamba, kisha yakasukumwa na kupwa na kujaa, mikondo yake huwa mikali. Upande wa kusini, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini. Chakula cha manta husambaa humo.

Mahali panapotajwa zaidi ni Karang Makassar. Si mwamba wenye fahari: ni uwanda mrefu wa vipande vya matumbawe yaliyovunjika, na sehemu kubwa haina kina kirefu. Mzamiaji hapigi mbizi pale kwa kuogelea huku na huko. Hushushwa upande mkondo unakotoka, akaachia maji yamchukue, na boti ikamfuata kwa juu. Kwa kuwa mkondo unaweza kubadilika ghafla, kiongozi hubeba boya la kupulizwa ili nahodha ajue kundi limeibukia wapi, na mtu aliyemaliza mafunzo jana hashauriwi kuanzia hapo.

Katika uwanda huo kuna vichwa vya matumbawe ambapo samaki wadogo wasafishaji huishi. Manta huja hapo kama watu wanaopanga foleni kwa kinyozi. Samaki hao hula vimelea, ngozi iliyokufa na uchafu uliojishika kwenye majeraha. Manta lazima maji yapite kwenye matamvua yake ndipo apumue, kwa hiyo hasimami kabisa. Huelekeza kichwa kwenye mkondo, akapunguza mwendo na kuelea juu ya jiwe lilelile kwa dakika nyingi.

Adabu ya mzamiaji inaanzia kwenye jambo hilo. Anayemkimbilia manta hamfikii, na anayeelea juu ya jiwe la kusafishia humfungia njia. Viongozi huwataka wageni wakae chini na kando, wasiyashike matumbawe hai, wasiachie mapovu mbele ya uso wa mnyama, wala wasimguse, kwa sababu ngozi yake ina ute unaomkinga na magonjwa. Wakitulia, mara nyingi ni yeye anayesogea. Manta ana ubongo mkubwa kuliko samaki wengine wote, na hupenda kukagua vitu vigeni.

Usumbufu una gharama kwa mnyama anayezaa polepole namna hii. Jike hubeba mimba takriban mwaka mzima, kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kisha huweza kupumzika miaka kadhaa. Ndiyo maana uvuvi uliwaathiri vibaya. Matamvua yaliyokaushwa yaliuzwa China kama dawa, ingawa hakuna ushahidi kwamba yanatibu. Mashariki zaidi ya Flores, wanakijiji wa Lamakera waliokuwa wakiwavua kwa chusa kwa ajili ya kitoweo walijikuta wanalisha soko hilo la mbali. Mwaka 2014 Indonesia ilipiga marufuku kuwavua na kuwauza manta katika maji yake yote.

Hesabu ya fedha ilisaidia kuwashawishi watawala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa utalii wa manta huingiza duniani dola milioni 140 kila mwaka, na kwamba manta mmoja aliye hai anaweza kuleta dola milioni moja maishani mwake. Akiuzwa sokoni amekufa, bei yake ilikuwa kati ya dola 40 na 500. Bado fedha hizo haziingii katika mifuko ileile: nyingi hubaki bandarini na kwenye boti za watalii, huku mvuvi wa Lamakera akitakiwa kutafuta riziki nyingine.

Marufuku ya nchi nzima ilihitajika pia kwa sababu manta hajui mipaka ya hifadhi. Kila mmoja ana madoa tumboni ambayo hayafanani na ya mwenzake, na kwa kulinganisha picha watafiti walimtambua manta aliyekuwa ameonekana Komodo na pia Nusa Penida karibu na Bali, umbali wa takriban kilometa 450. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulitambua kwa njia hiyo zaidi ya manta 1,000 walioonekana Komodo. Picha nyingi zilitoka kwa watalii na viongozi wa kuzamia. Mgeni mwenye kamera ya kawaida anaweza kuongeza yake: inatosha ionyeshe tumbo lote, na iandikwe tarehe na mahali ilipopigwa.